Goli la Kibao cha Mbuzi

Nyumbani kwetu Changamwe, mtu hakusikiliza mpira redioni akiwa amekaa popote apendapo. Baba alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mkono mmoja umeshika eriali. Mama mwisho wa kitanda. Kaka yangu wima, mgongo kwenye jokofu. Mimi kwenye kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, chenye meno ya chuma mbele. Siku timu ya kwao Baba, huko bara, ilipotwaa ubingwa kwa goli la dakika za mwisho, viti vilikuwa haba na mimi nilikuwa na miaka tisa. Kwenye kibao ndipo nilipokuwa nimekaa. Tangu hapo mpangilio haukuguswa.

Nilimaliza shule ya msingi juu ya kibao, nikamaliza sekondari juu ya kibao. Nikaenda chuo kikuu kusoma takwimu. Ningeweza kueleza kwa saa nzima kwa nini makalio ya mtu aliye Changamwe hayawezi kusukuma mpira unaochezwa Nairobi. Nikirudi likizo, kibao kinanisubiri.

"Baba, mwaka jana nilikaa hapa hapa. Tulifungwa mara ngapi?"

"Ulikuwa ukitikisa mguu."

Kila swali lilikuwa na jibu la namna hiyo. Tukifungwa, kaka aliegemea vibaya. Tukishinda, si unaona? Mama, asiyejua hata rangi ya jezi, alikuwa na lake: "Kaa tu. Dakika tisini zitakuua?" Hazikuniua. Zilinichania sketi mbili.

Kilichonikera zaidi nilikijua peke yangu. Siku ile ya ubingwa, goli lilipoingia, sikuwa kwenye kibao. Nilikuwa chooni, choo cha uani tulichotumia pamoja na wapangaji wenzetu. Nilisikia kelele nikakimbia, nikakaa, na Baba alipogeuka akanikuta pale. Akanirusha juu kwa furaha. Nianzie wapi kumwambia? Nikanyamaza, na kunyamaza kukawa mazoea.

Mwaka huu timu yake ilifika mechi ya mwisho ikiwa ukingoni mwa kushushwa daraja. Jumamosi, saa tisa alasiri. Saa tisa hiyo hiyo hoteli moja ya Nyali ilikuwa imeniita kwenye mahojiano ya kazi, ya kwanza tangu nimalize chuo.

"Waambie wakuite Jumatatu," akasema Baba, kana kwamba hoteli ni ya shemeji yake.

Nikaona ukweli ndio utakaonitoa kwenye kibao. Nikamweleza kila kitu. Akaizima redio. Sikuwa nimewahi kumwona akizima redio mpira ukikaribia, na nikajuta.

"Ulikuwa chooni."

"Ndiyo, Baba."

"Goli likiingia."

"Ndiyo."

Akasimama. "Mama watoto, unasikia? Miaka yote hii tumemkalisha mahali si pake! Ndiyo maana tunafungwa!"

Akaniruhusu kwenda Nyali, kwa sharti moja. Saa kumi na dakika arobaini, mpira ukikaribia kuisha, popote nitakapokuwa, niwe chooni.

"Baba, unasikia unachosema?"

"Saa kumi na dakika arobaini."

Tuliitwa saa tisa lakini zamu yangu ilifika saa kumi na nusu. Mezani watu watatu. Mmoja akaniuliza huwa nafanyaje ninapotakiwa kutoa uamuzi mgumu. Nikasema natafuta ushahidi kwanza. Nikaendelea vizuri, wakawa wanaandika. Kisha macho yangu yakaenda kwenye saa ya ukutani.

Nikaomba ruhusa ya kwenda msalani.

Nilisimama mle ndani, mlango nimeufunga, nikihesabu vigae. Nilikuwa nimewakasirikia watu wawili, na mmoja wao alikuwa mimi. Niliporudi walikuwa wakikusanya karatasi zao.

Baba alipiga simu kabla sijafika steji ya matatu.

"Sare," akasema. "Tumeshuka."

"Pole, Baba."

Hakuuliza habari za kazi. "Ulienda?"

"Nilienda."

"Ukakaa muda gani?"

"Dakika mbili hivi. Nilikuwa nasubiriwa na watu."

Akavuta pumzi ndefu, ile aliyokuwa akiivuta kaka alipoegemea vibaya.

"Ulitoka mapema," akasema.