Vifungo vya Mjerumani wa Gikondo

Kwenye ghala la mabati ninalolinda huku Gikondo, kazi yangu ni kumpitishia kila anayeingia kile kirungu cha plastiki kinacholia kikikuta chuma. Kazi hiyo inanifaa, kwa sababu kirungu ndicho kinachosema na mimi nanyamaza. Kirungu cha zamani kilipoanza kulia hovyo, hata mbele ya padri aliyekuja mikono mitupu, bosi alinunua kingine, cha zamani akanipa mimi. Nilikipeleka nyumbani nikakitundika kwenye msumari.

Nyumbani ni chumba kimoja nyuma ya nyumba ya wazee wawili, mume na mke, waliokulia Bujumbura wakarudi Rwanda watoto wao wakiwa wakubwa. Huko Bujumbura mzee alikuwa mfungua mlango wa hoteli moja ya ziwani. Alikuwa akifungua, akiinama, akipewa kitu kidogo. Hoteli ilimshonea koti refu jekundu lenye vifungo vya shaba, na akaja nalo Kigali. Mimi sikuwahi kuliona. Lilipotea kwenye kamba ya nguo kabla sijahamia. Mwizi, kwa maneno ya mzee, ni jirani wa ukutani, fundi wa kuchomelea mageti, mtu aliyekulia Uganda, kwa sababu wiki ile ile alionekana kanisani na koti jipya.

"Koti langu lilikuwa la kijivu," fundi aliniambia siku moja juu ya ukuta. "Muzehe akasema nimelichemsha mpaka likaacha rangi."

Tangu hapo hawasalimiani. Na kila umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, watu wakimaliza kuzibua mitaro na kukaa kwenye mkutano wa mtaa, mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu, akiuliza nani ana neno, mzee husimama akalieleza koti lile upya: wekundu wake, urefu wake, vifungo vyenye picha ya kiboko aliyefumbua kinywa. Watoto walikuwa wanamalizia sentensi zake. Fundi hutazama viatu vyake tu. Binti yake alikuwa na mchumba, na wakwe wanaokuja huuliza habari za familia kwa majirani. Fundi aliogopa wataambiwa, "Ah, yule wa koti."

Basi wakati wa kupanda maharage mzee alidondosha ufunguo wa geti kubwa shambani nyuma ya jiko. Geti likabaki limefungwa, tukawa tunapita kwenye kamlango kake kadogo, tukiinama.

"Mlinzi!" mzee akaniita. "Lete huo mti wako unaolia."

Mkewe alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Ufunguo hauko huko."

"Nimeinama huko huko, mama."

"Basi tununue kufuli lingine."

Mama yule hanunui hata kibiriti kabla njiti ya mwisho haijawaka. Ningepaswa kushangaa, lakini mzee alikuwa ameshanisukuma shambani.

Kirungu kililia karibu na mgomba. Nikasogea, kikalia tena, halafu tena, kwa mstari ulionyooka. Nilifukua kwa kijiko nikatoa kifungo kilichoshika kutu ya kijani, kisha kingine, na chini yake kitambaa. Nikaacha. Katika mji wetu, mtu akikuta nguo ardhini haendelei kuchimba peke yake. Mzee alivua kofia. Tulimwita mkuu wa mudugudu, akaja na watu wazima wawili, wakafukua polepole. Hapakuwa na mtu. Ilikuwa nguo tupu, imekunjwa vizuri, imeoza mpaka ikawa rangi ya udongo.

Tulishusha pumzi, na baada ya hapo kila mtu akaanza kusema kupita kiasi.

"Mjerumani," mzee akatangaza. "Afisa mkubwa wa enzi za ukoloni. Tazameni, ni tai."

Mkuu alikisogeza kifungo karibu na jicho. "Mimi naona kiazi kitamu."

"Tai aliyekaa."

"Na Mjerumani mwenyewe yuko wapi?"

"Alivua. Huku kuna joto."

Jumatatu mzee alivaa suti akaenda Kacyiru, kwenye majengo ya serikali, kutafuta ofisi inayohusika na Wajerumani wa kale. Hakuipata. Lakini kwenye kila mlango walinzi walimpitishia kirungu, vifungo mfukoni vikalia, na alirudi amefurahi kama mtu aliyejibiwa. "Hata mashine zao zinamjua," alisema. Nguo akaifukia tena palepale shambani, akazungusha kamba, akakataza mtu kukanyaga maharage ya Mjerumani. Mpaka leo sielewi jinsi mtu aliyelilia vifungo miaka yote alivyoweza kuvishika mkononi na asivijue. Lakini wakati huo na mimi nilikuwa bado sijavijua.

Alinipa kimoja nikichunguze, kwa kuwa mimi ndiye mwenye mashine. Nilikisugua kwa ndimu na majivu mlangoni kwangu. Mama alikuja akasimama juu yangu.

"Mwanangu, usisugue hicho. Vitu vya kale vinakaa na uchafu wake."

Meno mawili yalikuwa yameshatokea, kisha kinywa kizima. Alikuwa kiboko. Niliinua macho, na mama akaona kwamba nimeona. Akakaa juu ya dumu la maji.

"Alilivaa kanisani," akasema. "Alisimama mlangoni mwa kanisa akawafungulia watu, akiinama. Wakampa sarafu, mwanangu, sarafu za kikapu cha sadaka! Akienda Kabeza kumsalimia dada yangu, anafungua milango ya teksi za watu asiowajua. Watu wakaniuliza mume wako anafanya kazi gani. Nikawaambia amepumzika. Na kumbe yuko nje, anafungua." Alijifuta uso. "Nililizika kwa heshima. Hata nilisali kidogo."

"Na fundi?" nikauliza. Nadhani ndilo swali la kwanza nililowahi kumuuliza.

"Nilifikiri mzee atasahau kabla ya Jumapili."

Sikumwambia mtu. Lakini umuganda ulipofika, na mzee aliposimama kumtambulisha Mjerumani wake, vifungo vikapitishwa mkono kwa mkono, na mimi nilikuwa nimekirudisha kile cha kwangu kati yavyo, kikiwa safi. Fundi alikipokea. Alikigeuza. Akasimama, akaanza kusema kwa sauti ya mtu anayesoma katekisimu: "Koti jekundu, refu, linapita magoti, vifungo vya shaba, kiboko amefumbua kinywa." Watoto wakamalizia naye. "Muzehe, hivi ni vyako. Koti lako liko kwenye maharage yako."

Mzee alivaa miwani. Alitazama kwa muda mrefu.

"Hivi si vyangu," akasema. "Vyangu vilikuwa vikubwa kama visahani. Vya dhahabu."

"Vya shaba! Umesema mwenyewe kila mwezi!"

"Shaba ya dhahabu."

Mama akasimama, kitenge amekishika kifuani. "Nililizika mimi."

Mzee alimgeukia kwa upole mkubwa. "Mnaona mke wangu alivyo na moyo? Anataka kumsitiri jirani."

Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Fundi alikuwa karibu kulia. Sasa alikuwa mwizi anayetetewa na mke wa aliyeibiwa.

"Filimbi," mama akasema. "Ile uliyokuwa unaitia teksi hotelini. Unasema uliisahau Bujumbura. Iko mfuko wa ndani, nilizika vyote. Mlinzi, chukua mti wako."

Mkutano mzima ulihamia kwetu, ukainama mmoja mmoja kwenye kamlango, ukakanyaga kamba na maharage. Nilipiga magoti mbele ya watu wote hao, nikapitisha kirungu juu ya udongo. Kilipolia kwanza niliupata ufunguo wa geti. Wakapiga makofi, mkuu akawaambia tulieni, sicho tunachotafuta. Kilipolia tena niliitoa filimbi.

Mzee aliifuta kwenye suruali akaipuliza. Ulitoka udongo. Akapuliza tena, ikatoka sauti ya kifaranga, halafu ikatoka filimbi yenyewe, kali, mbwa wa mtaa mzima wakajibu. Na ilipotoka hiyo, mgongo wake ukanyooka. Hakumtazama mkewe wala mtu yeyote. Alinyoosha mkono kwangu, nikampa ufunguo. Alienda kwenye geti kubwa, ambalo fundi mwenyewe alilichomelea kabla ya ugomvi, akafungua kufuli, akavuta mabawa yote mawili mpaka ukutani. Kisha akaweka mkono mmoja nyuma ya mgongo, akamwinamia fundi.

"Pita, bwana," akasema. "Pole kwa usumbufu."

Fundi alisimama kidogo. Halafu alipita katikati kabisa, polepole, na alipofika kwa mzee alipapasa mfukoni akamwekea sarafu kiganjani. Mzee aliipokea bila kuitazama.

Mama alijifunika uso kwa kitenge.

"Mnaona?" akatuambia. "Hicho ndicho nilichokuwa nakizika."