Nilipoitwa Bwana Zuhura kule Njinjo

Enzi zetu, enzi za Mwingereza, mtoto wa Kilwa Kivinje akiambiwa anakwenda kuishi ugenini hakufikiria ndege wala masweta. Ng'ambo yetu ilikuwa Njinjo, huko bara, na kwa jinsi bibi yangu alivyolia siku ya kuondoka, ungedhani napelekwa mwisho wa dunia.

Mwalimu wetu wa kike alikuwa na kaka yake aliyefundisha Njinjo. Ndugu hao wawili wakakubaliana kubadilishana watoto wakati wa likizo: sisi wa pwani tukakae na wakulima, kisha watoto wao waje kwetu waione bahari. Wazazi wengi walikataa. Baba yangu, muuza samaki, alisema, "Mwacheni aende. Tembea uyaone." Bibi akanivuta pembeni, akaninong'oneza, "Zuhura mjukuu wangu, wale ni Wakristo. Ukiona nyama usiyojua nani kaichinja, sema umeshiba."

Tulipanda lori la Mhindi mmoja lililokuwa likipeleka chumvi bara. Tulikaa juu ya magunia, tukiimba kwa sauti, na kila shimo lilipoturusha tulipiga kelele za furaha. Watoto wa sasa gari likikosa kiyoyozi wananuna. Sisi tulifika wekundu kwa vumbi, midomo imekauka kwa chumvi, na mimi nanuka ng'onda, maana mama alinifungia furushi zima la samaki wakavu niwapelekee wenyeji wangu.

Wenyeji hao walikuwa Mzee Benedikti na mkewe, Mama Veronika. Mzee alikuwa mrefu, mkimya, kila akitaka kusema jambo hukohoa kwanza. Mama Veronika yeye alicheka kwa mwili mzima. Binti yao Veronika alilingana nami kwa umri, na aliweza kukimbia na mtungi wa maji kichwani asimwage hata tone. Nyumbani walisema Kimatumbi, wakiniona wanageukia Kiswahili katikati ya habari. Basi mimi nilipata mikia tu ya hadithi, lakini nilicheka nao vilevile.

Jioni ile ya kwanza nikaandaliwa kuku. Harufu yake ilinitoa mate, nikamkumbuka bibi, nikasema kwa huzuni, "Ahsante mama, nimeshiba."

Mama Veronika akaniangalia, akatabasamu. "Kula, mwanangu. Kuku huyu kachinjwa na Mzee Saidi, jirani yetu, Mwislamu kama wewe. Nilimwita mapema, kabla lori halijafika."

Nilikula mpaka nikalamba vidole.

Siku zilizofuata nilijifunza kuwa mtoto wa shamba. Nilitwanga mtama mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nilikula ugali mweusi kwa mbaazi, mahindi ya kuchoma yaliyovunjwa papo hapo, na mlenda ulionikimbia kwenye vidole huku nyumba nzima ikiniangalia na kucheka. Kazi kubwa ilikuwa kulinda mahindi. Mimi na Veronika tulikaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, tukiwarushia ndege mawe kwa kombeo. Mawe yangu yalikwenda kila mahali isipokuwa kwenye ndege.

Asubuhi moja Jumbe, mkuu wa kijiji, aliwaita wanaume wote wakatengeneze barabara. Mzee Benedikti akachukua jembe lake, akakohoa, akatuambia, "Chungeni shamba. Hilo ndilo chakula chetu mpaka mwakani." Akaenda. Baadaye kidogo Mama Veronika naye akateremka kisimani, tukabaki wawili.

Nyani sijui nani huwapa habari. Walitoka msituni polepole, kama watu wanaokwenda sokoni, wakubwa mbele, wamebeba watoto wao mgongoni. Tulipiga mayowe. Tuligonga debe. Dume moja kubwa likaketi kwenye mstari wa kwanza wa mahindi, likavunja hindi, likamenya, likaanza kutafuna huku likitutazama usoni.

"Hawatuogopi," Veronika alisema, machozi yakimlengalenga. "Nyani hamwogopi mwanamke. Wamekwisha ona baba hayupo."

Nilikuwa nimekula chakula cha watu wale, na sasa kilikuwa kikiliwa mbele ya macho yangu. Nikamwambia, "Basi tuwe wanaume!"

Tulikimbia nyumbani, tukavamia nguo za Mzee Benedikti. Veronika alivaa koti lake la kaki lililomfika magotini, na kofia ya pama iliyomeza masikio. Mimi nilitumbukia katika suruali yake, nikaifunga kiunoni kwa kamba ya katani, nikajizungushia shuka kichwani kama kilemba. Tukarudi shambani kwa hatua ndefu, vifua mbele. Veronika akakohoa kikohozi cha baba yake, hasa chenyewe! Mimi nikanguruma kwa sauti ya mwalimu wangu wa chuo cha Kurani anapokamata mtoro: "Nani yuleee!"

Dume lile likaacha kutafuna. Likatutazama, likainuka. Veronika akagonga panga kwenye jembe bovu, sote tukakimbia kulielekea huku suruali ikinivuka, nimeishika kwa mkono mmoja. Basi! Likabweka, likatimua mbio, na kundi zima nyuma yake, mahindi yakiwadondoka.

Tulikuwa bado tunahema pale ukingoni tulipomwona Mama Veronika anapanda kutoka kisimani. Jua lilimpiga usoni. Aliona wanaume wawili wageni wamesimama shambani mwake. Akautua mtungi, akapiga goti kwa adabu, akasema, "Shikamooni, baba zangu. Karibuni."

Nami, kwa mazoea ya sauti ile niliyokuwa nayo, nikajibu kwa kishindo, "Marahaba!"

Veronika alianguka chini kwa kicheko. Mama yake alitukodolea macho, akasogea, akaivua ile kofia, kisha akacheka mpaka akakaa kwenye udongo, akijifuta machozi kwa upindo wa kaniki yake.

Mzee Benedikti aliporudi tulijificha nyuma ya kinu. Nguo zake tulizovaa zilikuwa matope matupu. Alilizunguka shamba lote, akaona yaliyoliwa ni machache, akarudi, akakohoa. "Jumbe akiita wanaume tena," alisema, "nitawapeleka ninyi." Tangu siku hiyo hadi naondoka, Njinjo nzima iliniita Bwana Zuhura.

Lori liliporudi Kivinje, Veronika alikuwa pembeni yangu juu ya magunia ya mtama. Aliposhuka akaiona bahari, alisogea hadi maji yakamgusa miguu. Kisha akauliza, "Anayelima kule ni nani?" Baba yangu alicheka mwezi mzima. Bibi, yule aliyelia, alimshonea gauni, akamlisha pweza mpaka akawa anaomba mwenyewe. Siku ya kuondoka kwake bibi akalia tena, safari hii akimlilia mtoto wa watu.

Hatukuachana. Nilipoolewa, Mama Veronika alikuja na gunia la unga na kuku wa kufungwa miguu, akakaa jikoni pamoja na mama zangu kama aliyezaliwa Kivinje. Mtu alipomuuliza yeye ni nani kwa bibi harusi, alijibu, "Ni mama yake wa Njinjo."

Juzi mjukuu wangu Nasra karudi kutoka ng'ambo ya kweli, alikopelekwa na shule yao kukaa na familia. Kanionyesha picha hata mkono ukachoka: madaraja, theluji, sahani za chakula kisichojulikana mbele wala nyuma. Nilifurahi naye. Nikamuuliza, "Na huyo mama aliyekukaribisha, anaitwaje?"

"Ngoja bibi, nimemsevu humu," akasema, akaanza kupekua simu.

Nikamngoja. Mama Veronika amefariki siku nyingi. Lakini naweza kukuambia upande gani wa mkeka aliupenda, na jinsi alivyoniita ndani kila mvua ilipoanza kunyesha, akipaza sauti toka mlangoni kana kwamba mimi ndiye mtoto wake wa pekee.