Nguruwe wa Fedha

Harufu ya ndimu zinazochemka hunirudisha Kisangani, kwenye kibanda cha papa, baba yangu, sonara, aliyesafisha fedha kwa maji ya ndimu hizo. Nilizaliwa mwaka nchi ilipopewa jina la Zaire, katika ukoo wa Waislamu waliofika zamani na misafara ya biashara. Nyumbani kwetu kila kitu kilivaliwa na dada zangu kabla hakijanifikia. Changu hasa kilikuwa jina tu.

Msimu mmoja wa mvua, nikiwa na miaka kumi na miwili, Mchina mmoja, mtaalamu wa mpunga kule Yangambi, alikuja kwa mashua kuungiwa mkono wa miwani yake. Aliniona nikipuliza moto, akauliza nilizaliwa mwaka gani, papa akamwambia. Safari iliyofuata aliniwekea kiganjani sarafu ya fedha, nzito, inayong'aa. Alisema kwao kila mwaka una mnyama wake, na huyu ndiye wangu. Nikaigeuza: nguruwe mnene, kama anayetabasamu. Niliipenda palepale, sifichi.

Bibi, mama yake papa, nusura azimie. "Hii nyama haitaingia mu nyumba yangu. Umurudishie mwenyewe."

"Kurudisha zawadi ni kutukana mutu, mama," papa akajibu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni akija na nguruwe tufanyeje. Papa, kati ya mama yake na rafiki yake, akafanya alichokijua: akaitia motoni. Nililia nikiona masikio yale yakizama. Hakunikaripia. Alifua bangili, akanivisha, akasema ni yangu peke yangu, dada zangu wasiiguse. Bibi naye akaridhika.

Mchina alipokuja tena, papa aliuinua mkono wangu kwa fahari. Mgeni aliitazama bangili pande zote. "Nguruwe iko wapi?"

"Iko mu ndani," papa akasema.

Mchina akatikisa kichwa polepole, akaaga. Hakurudi tena, na papa hakuelewa kamwe kosa lake. Mimi nilielewa nikiwa mtu mzima: mgeni alinipa mnyama wangu, papa akatunza fedha tu; na bado inaniuma kwa ajili yao wote wawili.

Juzi mwanangu alinionyesha sarafu kama ile kwenye simu. Wanaozikusanya huzifungia ndani ya plastiki, hata kidole kisizichafue. Anasema tuliyeyusha hazina. Sibishani naye. Yangu imefua nguo, imebeba watoto, na sasa mkono umenenepa, haivuliki. Watakaoniosha siku yangu ya mwisho itabidi waikate, wala hawatajua kwamba wanamtoa nguruwe mkononi mwa Mwislamu.