Milimita Mbili za Papa

Tangu siku ile sijamsimulia mtu, na hata hapa kwenye daftari naandika kwa haya, lakini mi ndiye niliyefanya sanduku la Mama Ngalula likatae mashine yake mbele ya barabara nzima.

Ilikuwa wakati ule watu wa asili ya Kasai wanafukuzwa Kolwezi, na familia ya rafiki yangu Ngalula inaenda kungoja treni kwenye gare, haijui itakuja siku gani. Mama yake ni mshonaji, na mashine ndiyo ingewalisha kule wasikokujua (Ngalula amezaliwa hapa, kama mi). Papa yangu, soudeur wa kuunga vyuma kwa moto, akaahidi kumtengenezea sanduku la chuma. Bati zima halikupatikana tena, basi kila upande aliunga vipande vinne. Nikaona chaki yake imezidisha milimita mbili kila panapoungwa, nikasema moyoni, maskini, macho yamechoka (nami nilikuwa nimepata kumi na nane kwa ishirini ya jometri!). Nikafuta, nikachora upya, sikuuliza, maana hata papa naona haya kumsemesha. Yeye akakata, akachoma.

Asubuhi ya kuondoka, kamio ya kuwapeleka gare inanguruma, majirani wamejaa, Mama Ngalula anashusha mashine ndani ya sanduku: haiingii. Anaigeuza: haiingii.

“Hii sanduku ni ya mutoto muchanga!” jirani mmoja akapiga kelele, wakacheka wote.

Papa akapima, akaniangalia.

“Nani alifuta chaki yangu?”

“Mi, papa. Nilizani ulikosea.”

“Soudure ikipoa inavuta chuma, mutoto wangu. Kila fasi naunga, inakula milimita zake mbili.”

Nikalia mbele ya wote. Mama Ngalula akanifuta uso kwa kitambaa chake. “Miaka yote unakaa karibu na meza yangu, haukuona naachaka nguo kidogo ya kuliwa na mshono? Nyamaza. Mashine nayo inataka kuona njia.”

Ikaingizwa kiupande, kichwa nje, papa akafunga kifuniko kwa kamba. Kamio ilipoondoka Ngalula alikuwa ameshika kile kichwa cha mashine kama cha mtoto anayelala.

Sitafuta tena chaki ya mtu kabla ya kumuuliza, hata nikifa kwa haya. Leo jupe yangu ya shule imekuwa fupi, nikafumua pindo. Mama Ngalula ndiye aliyeishona. Ndani alikuwa amekunja nguo ya upana wa vidole vitatu, ya kukua kwangu.