Neno Alilolikataa Mama Émérence

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Émérence ameshakaa kwenye kigoda chake ndani ya ghala la mbegu, karibu na bandari ya Kalemie. Miguu ameinyoosha, kalamu iko mkononi. Magunia ya maharagwe ni mia tatu, na kila moja linadai lebo mpya ya kuandikwa kwa mkono. Alianza jana, na sasa amebakiza mia na ishirini.

Boti ya Moba inaondoka saa sita. Asipomaliza, kazi yake ya miaka kumi na tisa imekwisha. Mkuu wa ghala alimwambia hivyo bila kumung'unya maneno.

"Magoti inauma, macho inauma," anasema. "Lakini makosa njo yangu."

Kosa lenyewe ni neno moja. Maharagwe kitaalamu huitwa *Phaseolus vulgaris*. Mama Émérence, mwanakwaya wa parokia, alilisoma hilo la pili kwa Kifaransa chake cha shule ya msingi.

"Vulgaire njo muntu wa matusi. Nikajiuliza, haya maharagi ilimutukana nani? Nikaandika neno ya kwanza tu."

Wakaguzi kule Moba wakayakataa magunia yote kwa kuwa jina halikukamilika. Shehena ikarudi ilivyokwenda, na wakulima wa milimani wakatazama mvua ya kwanza ikinyesha juu ya mashamba matupu. Hilo linamuuma kuliko barua ya onyo aliyopewa na mkuu wa ghala.

Aliyemfumbua macho ni mlinzi wa ghala, Papa Nicolas, aliyesoma Kilatini seminarini kabla hajaamua kuoa.

"Mama, *vulgus* kwa Kilatini njo watu wote, raia," alimwambia. "*Vulgaris* ni ya kila muntu. Maharagi ya kawaida. Wafaransa njo waliharibu neno."

Mama Émérence alicheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Miaka kumi na tisa niko naandika vitu sielewi, hakuna mukubwa aliniambia. Kumbe hata siye wote njo *vulgaris*."

Asubuhi hii, ukimtazama tu unachoka. Wapagazi wanamsimamia kichwani, wakinyakua kila gunia wino haujakauka. Saa sita kasorobo, la mwisho linatoka. Anafumba macho kidogo, mgongo ukutani.

Kesho ni zamu ya karanga, nazo zina jina lao refu la Kilatini.

"Papa Nicolas aje na kiti yake akae hapa," anasema. "Sitaandika hata herufi moja mupaka aniambie inasema nini."