Mshauri wa Hisa za Nje

Mshauri wa mfuko wa hisa za nje alikuwa na mikono laini, na kila mteja alipoketi aliipangusa meza kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Mwalimu mstaafu, aliyemkabidhi kiinua mgongo chake chote, aliizoea sauti hiyo kama mtu anavyozoea redio ya jirani. Kila mwaka mfuko ulipobaki nyuma ya soko, mshauri aliinamisha kichwa na kusema, "Tuvute subira, mama, huko nje mambo yatakaa sawa." Na kila mwaka ada ilikatwa vilevile. Safari hii mwalimu alikuja amekunja uso. Binti yake alikuwa amempigia hesabu: mfuko wa kawaida, unaofuata soko tu na kutoza ada kiduchu, ungemzalishia faida mara mbili.

"Mwanangu," alimwambia mshauri, "hebu niambie ukweli. Ningekuwa mama yako mzazi, ungeniacha humu?"

Kiganja kilisimama katikati ya meza. Mshauri aliutupia mlango jicho, akauona umefungwa. "Mama yangu nilimtoa mwaka juzi," akajibu.

Mwaka juzi mwalimu aliketi kwenye kiti kilekile, akaambiwa avute subira, naye akashukuru.

"Mbona mimi hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mama," alisema kwa upole kabisa, akamsogezea fomu ya kutoa kilichobaki.