Siku Mama Alipovua Makochi Vitambaa

Jumamosi hiyo niliamka nikamkuta mama sebuleni anavua vitambaa vya makochi. Vya migongoni, vya mikononi, mpaka lile shuka jeupe la kochi kubwa. Nilidhani anataka kuvifua, lakini alivikunja, akavitia kwenye begi na kufunga zipu.

"Mama, kuna nini?"

"Kuna mgeni."

Sisi tulirudi Rwanda kutoka Tanzania, na vitambaa vile mama alivifuma mwenyewe tukiwa bado Karagwe. Tangu baba afariki, alizidi kuvilinda. Mgeni akiinuka, hajafika hata mlangoni, mama ameshanyoosha pale alipokuwa amekaa. Hata padri alipokuja kubariki nyumba yetu ya hapa mtaa wa Kicukiro alikalia vitambaa. Sasa mgeni gani huyu wa kukalishwa kwenye kochi tupu?

Sikutulia. Nilikwenda jikoni nikasahau nilichofuata. Nikarudi, nikakaa, nikayagusa mahameli yale ya rangi ya damu ya mzee, bado mapya kabisa, nikainuka tena kama niliyekalia cha watu. Niliwaza ugonjwa. Niliwaza labda anayauza makochi. Kila pikipiki ilipopunguza mwendo nilichungulia dirishani.

Aliyekuja alikuwa mzee mmoja mrefu wa mtaa wa Remera, mjane, anayeimba kwaya moja na mama. Alisimama na kofia mkononi, akiyatazama makochi.

"Nikae hapa hapa?"

"Kaa tu," mama akasema. "Vitambaa ni vya wageni."

Mama akampa chai ya maziwa; alipokipokea kikombe, ikamwagika kwenye kochi. Niliruka kutafuta kitambaa. Mama akanishika mkono.

"Acha kwanza. Mimi na mzee huyu tunataka kufunga ndoa. Nimetaka uyasikie kwangu, si kwa watu wa kanisani."

Nikauliza, "Na baba?"

"Baba yako namlilia mpaka leo. Lakini jioni ni ndefu, mwanangu."

Mzee akaweka kikombe chini. "Sikuja kukaa mahali pake, binti yangu."

Nilitoka nje. Nikapanda kilima mpaka barabarani, nikashuka, nikapanda tena. Niliporudi niliwakuta wanacheka vituko vya mwalimu wa kwaya yao, na doa la chai limeshakauka. Nilitaka kukasirika. Badala yake nikajimiminia chai na kukaa nao.

Walifunga ndoa, mama akahamia Remera. Makochi aliniachia pamoja na lile begi la vitambaa. Mwanzoni nilikuwa nampigia simu kila jioni, na asipopokea nazunguka nyumba nzima na simu mkononi. Siku moja alipokea akihema.

"Tulikuwa tunatembea. Una shida gani?"

"Sina shida, mama."

"Basi nitakupigia. Mzee ananisubiri."

Akakata.